168 kwa 72: Mshipa Mkubwa Unasema Nini?

Mwezi uliopita shangazi yangu alirudi nyumbani Majengo, Mombasa, kutoka kwenye kambi ya kupima afya bila malipo, mkononi ana kikaratasi cha presha yake kilichoandikwa kwa kalamu ya buluu: 168/72. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanipa kile kikaratasi kwa furaha. "Tazama mwanangu, ya chini imeshuka, alhamdulillahi. Mwaka jana ilikuwa 80." Na ya juu je, shangazi? "Aa, hiyo ni ya uzee. Sisi watu wazima ndivyo tulivyo. Na tena nimeanza ile dawa ya kusafisha mishipa." Dawa yenyewe ilikuwa chupa ya limau na kitunguu saumu vilivyochemshwa pamoja, na maelezo yake yalimfikia kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp.

Shangazi si mtu wa kudanganyika ovyo. Amesomesha watoto watano kwa kuuza mahamri na mbaazi, na hesabu zake hazijawahi kupotea hata shilingi. Alichosema siku ile ndicho kinachosemwa barazani, kwenye matatu na kwenye foleni ya feri Likoni. Ndiyo maana naona ni wajibu kulifungua jambo hili taratibu, kwa sababu ile furaha yake kuhusu namba ya chini ilinitisha kuliko namba ya juu yenyewe.

Tuanze na neno, maana hapo ndipo tunapopotezana. Mshipa tumeubebesha mizigo mingi. Njia ya damu ni mshipa. Neva ni mshipa. Kano ya shingo ikivutika kwa kulala vibaya, ni mshipa. Mzee mwenye ngiri, tunasema ana mshipa. Mtu akiingia kwa daktari na kusema "mishipa inanisumbua", bado hajasema kitu. Hapa nazungumzia mishipa ya damu peke yake, na hasa ateri, yaani ile inayotoa damu moyoni na kuipeleka mwilini. Inayoirudisha moyoni ni vena. Ile mistari ya kijani unayoiona mgongoni mwa mkono ni vena. Ateri huioni, unaihisi: weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hapo panapodunda.

Ateri kubwa kuliko zote inaitwa aota. Inatoka moyoni, inapanda kidogo, inapinda kama mpini wa bakora, kisha inateremka mbele ya uti wa mgongo hadi karibu na kitovu, na hapo inagawanyika kwenda miguuni. Kifuani upana wake ni kama sentimita 3. Pale kwenye pindo zinachipuka ateri za shingoni zinazolisha ubongo. Watu wengi wakisikia haya hufikiria bomba la maji. Bomba lakini halifanyi kazi inayofanywa na aota.

Umewahi kusimama karibu na mpiga nzumari harusini? Tazama mashavu yake. Yamevimba kama maputo, na sauti haikatiki. Anavuta pumzi kwa pua huku nzumari inaendelea kulia. Siri iko mashavuni: ameyajaza upepo, na mapafu yanapovuta hewa mpya, mashavu yanajibana na kuusukuma ule upepo wa akiba. Mashavu hayo yangekuwa ya mbao, ngoma nzima ingeharibika. Nzumari ingelia kwa vipande, pii, kimya, pii, kimya.

Aota ni shavu la mpiga nzumari. Moyo hausukumi damu mfululizo. Unasukuma, unapumzika, na unafanya hivyo kama mara 100,000 kwa siku, kila pigo likitoa damu ya kujaza kikombe kidogo cha kahawa tungu, kama mililita 70. Moyo ukisukuma, aota inatanuka kuipokea. Moyo ukipumzika, aota inajibana na kuipeleka mbele. Hivyo ubongo na figo hupata damu hata katika ule muda mfupi ambao moyo umetulia.

Sasa zile namba mbili zinaeleweka. Ya juu ni nguvu ambayo damu inausukuma ukuta wa ateri wakati moyo unapiga. Ya chini ni nguvu inayobaki moyo ukipumzika, na inashikiliwa na vitu viwili: ubanaji wa mishipa midogo huko mbele, na aota inayojibana huku nyuma. Mtu mzima mwenye afya hupata kama 120 kwa 80, tofauti yake 40.

Shavu likikauka mambo yanageuka. Moyo unasukuma damu ileile, lakini ukuta hautanuki kuipokea, kwa hiyo namba ya juu inaruka. Moyo unapumzika, lakini hakuna akiba ya kujibana, kwa hiyo namba ya chini inaanguka. Toa 72 kwenye 168, unabaki na 96. Tofauti hiyo ikizidi 60 kwa mtu wa makamo au mzee, daktari makini huanza kufikiria hali ya ateri kubwa.

Hili ndilo ningependa kila mwenye mzazi nyumbani alijue: ya chini haikushuka kwa sababu shangazi amepata nafuu. Imeshushwa na jambo lilelile lililopandisha ya juu. Hadi kama umri wa miaka 50, namba hizi mbili hupanda pamoja. Baada ya hapo, kwa watu wengi, ya juu inaendelea kupanda na ya chini inaanza kurudi nyuma. Anayeitazama ya chini peke yake akiwa na miaka 65 anatazama mlango ambao mwizi hakupitia. Na kushuka huko kuna gharama yake, kwa kuwa misuli ya moyo hulishwa damu zaidi wakati moyo umepumzika. Nguvu ikipungua wakati ule, moyo wenyewe unapunjwa chakula huku kazi yake imeongezeka.

Kuna madhara mengine yanayofika mbali na moyo. Kila pigo linatuma wimbi kwenye ukuta wa ateri, na wimbi hilo linakwenda kasi kuliko damu yenyewe. Kwa kijana ni kama mita 5 au 6 kwa sekunde. Likizidi mita 10 kwa sekunde kati ya shingo na paja, wataalamu huhesabu kwamba aota imekakamaa. Nenda ufuo wa Mama Ngina siku ambayo bahari imechafuka uone wimbi linavyopiga jabali la matumbawe na kurudi kwa kishindo. Kisha nenda kwenye mikoko ya Tudor, uone wimbi linavyofia mizizini. Aota laini inafanya kazi ya mikoko: inavunja kishindo kabla damu haijafika kwenye mishipa myembamba ya ubongo na figo. Viungo hivyo viwili hupokea damu nyingi kwa mlango ulio wazi, na aota ikiwa jabali, kishindo kinaingia hadi chumbani. Mzee anaanza kusahausahau, au anapimwa mkojo na kukutwa na protini, na hakuna anayeuliza habari za aota.

Inakauka kwa nini? Ukuta wake umefumwa kwa nyuzi za aina mbili kuu. Elastini inavutika na kurudi, kama raba ya manati. Kolajeni ni ngumu kama kamba ya usumba, kazi yake ni kuuzuia ukuta usipasuke. Elastini hutengenezwa kwa wingi tukiwa tumboni na utotoni. Baada ya hapo mwili karibu hautengenezi nyingine, kwa hiyo uliyokua nayo ndiyo unayozeeka nayo. Mapigo 100,000 kwa siku yanakuwa zaidi ya bilioni 2 kufikia miaka 60. Nyuzi zinachoka, zinakatika, na mzigo unahamia kwenye kolajeni.

Huo ni umri, na hatuna la kuufanya. Lakini kuna mambo yanayouharakisha uchakavu huo, na wataalamu wanayaita vihatarishi. Neno hili lilipata umaarufu kutokana na utafiti ulioanza mwaka 1948 katika mji wa Framingham, Marekani, uliowafuatilia watu 5,209 kwa miaka mingi ili kuona ni akina nani watapata maradhi ya moyo, na walikuwa na nini kabla ya kuugua. Kihatarishi si hukumu. Mtu anaweza kuvuta sigara na kufika miaka 90, kama vile mtu anaweza kuvuka barabara ya Makupa bila kutazama na akafika salama. Lakini vikikusanyika kwa mtu mmoja, havijumlishwi tu, kila kimoja kinaipa nguvu athari ya kingine.

Presha yenyewe ni cha kwanza. Inauchosha ukuta, ukuta ukichoka unaipandisha presha, na mzunguko unaendelea.

Sukari nayo ina njia yake, na hapa karai la shangazi linanisaidia. Hamri likitumbukizwa kwenye mafuta ya moto linageuka rangi, likawa na ngozi ngumu ya hudhurungi. Moto umezishikanisha sukari na protini za unga. Mwilini hakuna moto wa karai, lakini kuna miaka. Damu ikikaa na sukari nyingi mwaka baada ya mwaka, sukari hiyo inajishikiza kwenye kolajeni na kuzifunga nyuzi zake pamoja, mpaka ukuta unakuwa mgumu. Ndiyo maana mwenye kisukari wa miaka 45 anaweza kuwa na aota ya mtu aliyemzidi umri kwa miaka mingi.

Moshi wa sigara unaudhuru utando wa ndani wa ateri na kuibana mishipa. Shisha ni moshi vilevile. Maji ya kwenye chupa yanaupoza tu, hayauchuji, na makaa yake yanaleta gesi ya monoksidi ya kaboni. Kuhusu muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, kaunti ya Mombasa ilipoupiga marufuku Mei 2024 tulibishana sana juu ya vijana na biashara, lakini moyo haukutajwa inavyostahili. Kemikali zilizo kwenye miraa na muguka zinabana mishipa, zinaharakisha mapigo na kupandisha presha. Kijana anayetafuna kila siku anaibebesha aota yake kazi ya ziada miaka 30 kabla ya wakati.

Na chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote pamoja. Wengi wetu tunatazama kile kichupa cha mezani tu, na kumbe chumvi nyingi imeshaingia kabla ya sahani kufika: kwenye papa mkavu na ng'onda, achari, mchuzi wa pakiti, kachiri na viazi karai. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuatilia Waluo waliohama kijijini kwenda kuishi Nairobi. Presha zao zilianza kupanda katika miezi ya mwanzo tu, na mkojo wao ulionyesha chumvi zaidi na potasiamu kidogo, ile inayopatikana kwenye matunda, mboga na viazi. Nasaba yao ilikuwa ileile ya kijijini. Kilichobadilika ni maisha, pamoja na kilichokuwa sahanini. Huko Amazon nako, Wayanomami wasiotumia chumvi karibu kabisa walipopimwa, presha zao hazikuwa zikipanda na umri.

Hapo ndipo hoja ya "presha ya uzee" inapolegea. Tusiwacheke wanaoishikilia, kwa sababu madaktari wenyewe waliifundisha. Ilikuwepo kanuni kwamba presha ya juu ya kawaida ni 100 ukijumlisha umri wako. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alipimwa Machi 1944 akakutwa na 186 kwa 108, na siku aliyofariki Aprili 1945, kwa kuvuja damu ubongoni, namba ya juu ilipita 300. Dawa za kufaa hazikuwepo. Zilipopatikana bado iliulizwa kama kuna haja ya kumtibu mzee mwenye ya juu kubwa na ya chini nzuri, yaani mtu kama shangazi. Jibu lilikuja mwaka 1991: utafiti wa watu 4,736 wenye miaka 60 na zaidi, ya juu kuanzia 160 na ya chini haijafika 90. Waliopewa matibabu yaliyoanza na kidonge cha bei nafuu cha kupunguza maji na chumvi mwilini walipata kiharusi kwa kiwango cha chini kwa asilimia 36 kuliko wenzao ambao hawakupewa. Mwaka 2008 ikaonekana kwamba hata waliopita miaka 80 wananufaika. Kwa hiyo ndiyo, uzee unachangia kuipandisha. Lakini kuwa jambo ni la kawaida hakulifanyi kuwa salama.

Sasa nirudi kwenye ile chupa. Fikra ya kusafisha mishipa inatokana na picha ya bomba la sinki lililoganda mafuta ya nyama. Ateri haizibi hivyo. Kolesteroli inapenya chini ya utando wa ndani, askari wa mwili wanakuja kuizoa, panavimba, panafanya kovu, na mwisho panaingia chokaa. Ni kama unyevu wa chumvi ulioingia ndani ya ukuta wa nyumba ya matumbawe Mji wa Kale. Lipu inavimba kutoka ndani, na fundi anayesugua juu yake anachoka bure. Uvimbe huo ukipasuka, damu inaganda juu yake. Ikitokea kwenye ateri za moyo ni shambulio la moyo. Ikitokea shingoni, kipande kikachukuliwa na damu hadi ubongoni, ni kiharusi, kile ambacho mitaani bado tunasema amepigwa na upepo. Kwa hiyo kuziba ni ugonjwa wa utando wa ndani, na kukakamaa ni ugonjwa wa kiini cha ukuta. Mara nyingi vinaandamana, lakini mtu anaweza kuwa na aota ngumu isiyoziba popote.

Limau ni tunda zuri. Kitunguu saumu huenda kikashusha presha kidogo. Sina ugomvi navyo mchuzini. Lakini hakuna kinywaji kinachoingia ateri na kuisugua, na chupa inakuwa hatari siku inapochukua nafasi ya kidonge. Hijama nayo ina heshima yake kwetu na sitaigusa heshima hiyo. Ila pembe ya kuumika inatoa damu ya vijishipa vya ngozi, haiifikii aota, na aliyeumikwa bado anahitaji kupimwa na kumeza dawa zake. Tui la nazi, wengine wanalisifu kama dawa, wengine wanalilaani kama sumu. Mafuta yake mengi ni ya aina inayopandisha kolesteroli mbaya. Wali wa nazi Ijumaa sio msiba. Tui zito kila siku kwa mwenye kolesteroli ya juu ni jambo la kuzungumza na daktari.

Wanaume wengi huacha dawa za presha kimyakimya kwa kuhofia nguvu za kiume, na hili linaua watu. Baadhi ya dawa kweli huleta shida hiyo. Zipo aina nyingine, mwambie daktari akubadilishie. Na kumbuka kwamba ateri zilizoharibika zenyewe huleta shida hiyohiyo. Wanaodai dawa zinaharibu figo wamegeuza mambo: figo zinaharibiwa na presha, na baadhi ya dawa hizo hutolewa hasa kuzilinda. Ramadhani ikikaribia, nenda upangiwe saa za kumeza, daku au futari, usijipangie mwenyewe.

Usingoje kuisikia presha. Haisikiki. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima Kenya wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Wembamba si kinga pia. Lakini maumivu ya ghafla ya kifua au mgongo, makali kama kitu kinachanika, hayo ni ya kukimbizwa hospitali saa ileile, kwa sababu aota inaweza kuchanika kwa ndani. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kukwama, vilevile kimbia.

Siku tatu baada ya kile kikaratasi nilimpeleka shangazi kituo cha afya. Muuguzi alimkalisha dakika 5 bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Kambini alikuwa amepimwa akiwa ametoka juani, mkono unaning'inia, anasimuliana na jirani. Mara hii ilisoma 158 kwa 70, na siku mbili baadaye 160 kwa 70. Kiwango cha kuhesabiwa presha ya juu ni 140 au 90, yoyote itakayofikiwa. Alianzishwa kidonge kimoja, akaambiwa apunguze chumvi na atembee. Sasa hutoka baada ya sala ya alfajiri na mwenzake mmoja, nusu saa, siku tano kwa wiki.

Namba zake anaziandika kwenye daftari lilelile la madeni ya mahamri, kurasa za nyuma. Juzi ilikuwa 142 kwa 70. Akaniuliza mbona ya chini haijasogea, au dawa haifanyi kazi upande ule. Nikamwambia hatuitaki ishuke zaidi, na ndiyo maana daktari anaishusha ya juu polepole, kidogo kidogo, ili ya chini isianguke akapata kizunguzungu akisimama. Akalitazama daftari, akachukua kalamu, akaizungushia duara ile 142.